Ganzi

Tangu homa ile ya mwezi wa kumi na mbili
mke wangu Huiqiong hasikii harufu, hapati ladha.
Wali, anasema, ni karatasi iliyoloa.
Chungwa ni maji yenye ngozi.
Na ni huyu huyu aliyefanya kazi miaka thelathini na mmoja
katika ua wa mitungi ya maharage, nje kidogo ya Zigong;
huyu aliyefungwa kitambaa machoni siku moja, kwa mzaha,
akapitishwa mtungi baada ya mtungi,
naye akautaja kila mmoja kwa mwaka wake
kama mtu anayewaita wanawe waje kula.

Mimi ni fundi wa lifti.
Najua kamba za chuma, puli, giza la shimoni.
Jikoni nilikuwa mgeni wa kuketi.
Leo nimenunua tofu,
kipande cheupe kinachotetemeka ndani ya mfuko
kama kitu kilichozaliwa sasa hivi,
nikapanda nacho ghorofa sita kwa ngazi.
Naam, fundi wa lifti, katika jengo lisilo na lifti.

Nakata. Kisu hakikati, kinazama.
Vipande vingine vinameguka kona, navificha nyuma ya vizima
kama mtoto aliyevunja kikombe.
Kisha maji ya chumvi, yatokote tu, yasifoke,
tofu ioge, ipate moyo.

Mafuta. Nyama ya kusaga, hadi ikauke,
iwe na sauti ya mchanga chini ya kiatu.
Rojo la maharage na pilipili, kijiko, na cha pili,
karai lote linakuwa jekundu,
moshi unanikaba. Nakohoa.
Nyuma ya ukuta Bibi Pu naye anakohoa.
Sebuleni, Huiqiong anakohoa.
(Hilo lingenifunza kitu, kama ningekuwa na nafasi ya kufikiri.)

"Unaunguza," anasema.
"Umejuaje?"
"Nimeyasikia mafuta. Yanalalamika. Punguza moto."

Anakuja kusimama nyuma yangu,
anapika kwa masikio.
Sasa supu. Sasa tofu.
Usikoroge, mwanamume wewe, si saruji hiyo!
Sukuma kwa mgongo wa upawa, kama unayemgeuza mgonjwa.
Wanga mara ya kwanza. Ngoja. Ya pili. Ngoja.
Ya tatu, wala nisiulize kwa nini tatu:
mamake alitia tatu.

Mwisho, huajiao.
Nimezikaanga pakavu, nimezitwanga kinuni,
viganda vidogo vyekundu vyenye midomo wazi.
Nanyunyiza. Nasita.
Nanyunyiza tena, kwa mkono wa mtu asiye na la kupoteza.

Tunakula. Yaani, mimi ninakula;
yeye anahamisha chakula kutoka bakulini kwenda tumboni,
ndivyo afanyavyo siku hizi.
Kijiko cha kwanza, kimya.
Cha pili: "Moto," basi, kama anayesoma kipimajoto.
Cha tatu anakitua mezani,
anagusa mdomo wa chini kwa kidole.

"Inacheza."
"Nini?"
"Midomo. Kama mguu ulioulalia, ukianza kuzinduka.
Kama kuegemea lile friji letu bovu."

Naelewa polepole, mimi mtu wa umeme.
Ganzi si ladha. Haipiti puani wala haiombi ruhusa ya ulimi.
Imeingia kwa mlango wa ngozi,
mlango ambao homa ilisahau kuufunga.
Siku zote twasema kitu kimekufa ganzi;
mezani petu, ganzi ndiyo pekee iliyo hai.

"Chumvi imekolea?"
"Sijui. Usinifanye nijue."
Kisha anasogeza bakuli. "Ongeza hizo za kinuni."

Simu inalia, ni Jiayang, kutoka Shenzhen.
Anauliza hali ya mamake.
Nataka kumweleza yote, lakini midomo imenivimba kama ya kuazima,
maneno yanateleza.
"Baba," anasema, "mmelewa?"
Huiqiong anacheka, mdomo umejaa,
na wekundu unamtiririka hadi kwenye sweta ya kijivu.